Kengele Iliyoona Haya

Kengele yenye kamera ilifungwa mlangoni kwa Prisila siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mwenyewe akiwa anafua. Mwenye nyumba, Mzee Ismaily, aliishi Nandagala, huko Ruangwa, na alitaka kuiangalia nyumba yake ya Nachingwea kwa simu. Fundi Teddy alikaza skrubu nne, akasema ni kwa ajili ya usalama, akaondoka.

Kengele ilitazama ua mzima, na bafu lilikuwa uani.

Mwezi uliofuata Prisila alikwenda Ruangwa kumsalimia dada yake. Stendi, dereva wa bodaboda asiyemjua alimwamkia kwa adabu, akamuuliza mbona siku hizi ile kanga ya njano haivai. Alipobanwa, akaeleza: kwenye banda la kuonyeshea mpira, wakati wa mapumziko, Mzee Ismaily huzungusha simu yake watu waone wapangaji.

Aliporudi jioni, Prisila alisimama mbele ya kengele akaitukana, yenyewe na kiwanda kilichoizaa. Kulipokucha ilikuwa imeota kope.

Tangu siku hiyo, mtu akitoka kuoga, ilifumba. Akija msoma mita, ilifumbua. Fauzia, mpangaji wa chumba cha pili, muuguzi, aliikagua akasema kope ni nzima, ila vumbi la salfa inayopuliziwa mikorosho limeiwasha. Akaitia matone mawili ya dawa, akaenda zamu.

Mzee Ismaily akapiga simu kulalamika kwamba kengele inasinzia.

"Haisinzii, baba," Prisila alimwambia. "Inaona haya."

"Haya ya nini? Nyumba yangu, mlango wangu."

"Na mwili ni wa nani?"

Mzee alifikiri kidogo. "Unapita uani kwangu."

Teddy alirudi na wembe. Fauzia aligoma mpaka kwanza ichomwe ganzi, akaichoma mwenyewe. Teddy alikata kope zote mbili, akazifunga kwenye gazeti, akamkabidhi Prisila, naye akazizika nyuma ya jiko. Alipotundika kitambaa mbele ya kengele, ujumbe wa Mzee Ismaily ulifika kabla hajashuka kwenye stuli: atakayeifunika, ahame.

Wanawake hao wawili wakaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe aliwasikiliza vizuri, akawakaribisha chai, akasema picha hizo naye ametumiwa, haoni ubaya wake. Akamsifu Prisila kwa mwendo.

Siku hizi kengele inalia. Machozi yanateremka mlangoni hadi rangi imebabuka. Prisila huweka kopo chini na kulimwaga kila asubuhi, na Fauzia huipangusa kwa pamba kila atokapo. Kuoga wanakwenda na magauni, sweta juu.

Mzee Ismaily amelalamika mara moja tu, kwamba picha zinamfikia zimelowa. Halafu akasema si neno, mtu anaonekana.