Mkoba wa Fundi Viatu

Wageni wa hoteli walikuwa wanapanda basi la uwanja wa ndege, siku chache baada ya bomu la sokoni. Fundi viatu, aliyezeekea pale mlangoni, alimwuliza shemeji yake, mlinzi wa hoteli, "Wamebaki wangapi?"

"Wawili tu, ghorofa ya juu. Meneja anasema wakiondoka hao, tunafunga."

"Basi niwang'arishie viatu, labda watapenda kukaa."

"Wewe nawe, shemeji. Hata msibani ungetazama watu miguuni."

Fundi akacheka, akaenda kununua rangi ya viatu. Mkoba wake aliuacha ukutani, kama tulivyozoea mtaani: mkoba ukiwepo, nafasi ina mwenyewe, na hakuna anayeugusa. Lakini mlinzi aliitwa ndani, na langoni wakasimama askari wapya waliotoka mbali. Wao waliona mkoba usio na mtu. Wakafukuza watu, wakautegea baruti.

Fundi alirudi mbio. "Jamani, mle mna nyundo na misumari tu." Sauti yake ilimezwa na mlipuko.

Moshi haujatulia, wale wageni wawili wakashuka na masanduku yao.

Hoteli ilifungwa mwezi uleule. Meneja alihamia nchi nyingine. Askari walisifiwa redioni. Mlinzi anauza maji stendi, na fundi anakaa kwake, kwa kuwa dada yake ndiye mke wa mlinzi. Nafasi yake pale ukutani hakuna aliyeichukua.