Zamu ya Muireall Langoni

Mimi ni mkorofi, sikatai. Baba yangu Torkil alipokufa, mwaka wa mwisho kabla ya kondoo kuletwa, niliapa hatalinda makaburi hata siku moja. Bondeni kwetu kila mtu anajua: anayezikwa mwisho ndiye mlinzi. Roho yake inasimama langoni, mvua yake, baridi yake, mpaka azikwe mwingine wa kumpokea zamu.

Basi siku hiyohiyo akafa Muireall, binti wa jirani yetu Beathag. Homa. Alikuwa na miaka sita, na mapengo mawili mbele.

Mazishi mawili, lango moja. Tuko njiani na jeneza, nikawaona watu wa Beathag na jeneza lao wanashuka kilima cha pili. Nikawapigia kelele wanaume wetu: "Kimbieni! Mnatembea kama mna mimba?" Wakakimbia. Pale langoni mume wangu Iomhar alimpiga kumbo baba wa mtoto, akaanguka matopeni na kajeneza kake. Baba yangu akazikwa kwanza.

Beathag akanijia. "Mwanangu anaogopa giza, Marsaili. Unajua anaogopa giza."

"Siku chache tu, Mama Muireall. Bibi Gormal ana kikohozi, hamalizi mwezi huyo."

"Haya. Kutangulia si kufika," akasema, akaondoka.

Bibi Gormal akapona. Ala! Kikongwe kile kilikula uji wa shayiri majira yote ya baridi kikanenepa. Bonde zima, kaya kumi na tisa, hakuna hata aliyeumwa jino. Niliomba mtu afe, Mungu anisamehe, na hakufa mtu.

Mwezi Mei bwana mwenye ardhi akalitaka bonde liwe la kondoo. Wakaja watu wake, wakang'oa maboriti, wakachoma mapaa. Meli ilikuwa inatungoja pwani, tupelekwe Nova Scotia, ng'ambo ya bahari. Watu walililia nyumba. Beathag alishikilia lango la makaburi kwa mikono miwili mpaka wakambandua.

"Nani atampokea?" aliniuliza mimi tu, mbele ya watu wote. "Marsaili, nani atampokea mwanangu?"

Niliona aibu, nikajitwika mzigo wangu nikashika njia ya pwani.

Pwani, Iomhar akapanda mashua na wanetu wawili, akaninyooshea mkono. Nikabaki mchangani.

"Panda, mke wangu, unangoja nini?"

"Nenda na watoto. Mimi nafia hapa, nizikwe hapa."

Alinitukana, kisha akalia. Wanangu waliniita mpaka mashua ikafika melini. Beathag hakunishukuru, na angenishukuru kwa lipi? Alivua shuka lake la sufu akanirushia. "Mfunike," akasema.

Nilidhani njaa itanimaliza mwaka uleule. Mwili huu mgumu! Miaka ishirini na tatu sasa namkamulia Gideon kondoo wake, mfugaji aliyeletwa kutoka kusini, mpole, amenipa kibanda. Shuka nililitundika langoni. Kila nikienda nalikuta limehamia upande usio na upepo. Na siku za mvua, hata adhuhuri, kasauti kananiuliza nyuma ya nguzo: "Shangazi, bado?"

"Bado, mwanangu."

Majira haya nimeanza kukohoa damu. Gideon ameahidi kunichimbia kaburi ndani ya ukuta, karibu na baba. Jana akakuna kichwa, akauliza, "Na wewe mama, nani atakupokea? Mimi nitazikwa kwetu."

"Hakuna," nikamwambia. "Mpe mbwa chakula chake."

Kisha nikajikokota mpaka langoni, nikasimama pale nitakaposimama, nijue upepo unapigia wapi. Nikamwambia Muireall ni wiki hii, nadhani.

"Shangazi, na wewe unaogopa giza?"

Nikamwambia siogopi. Nimemdanganya mtoto.