Mguu wa Dereva

Karakana nzima ilimwita Spana, na hakuna aliyekumbuka kumwita vinginevyo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, fundi wa gia, mwenye vidole vinavyogundua kosa kabla ya masikio. Tatizo lake lilikuwa mdomo mzito. Jambo la kusema leo, yeye atalisema keshokutwa.

Baba yake alikuwa ameendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na saba, akastaafu na jambo moja la kujivunia: hakuna mgonjwa aliyewahi kulalamika kwamba amerushwa. "Gari haliendeshwi kwa mguu," alizoea kusema, "linaendeshwa kwa kidole gumba cha mguu." Gari lake mwenyewe, dogo, la gia za otomatiki, lililozeeka pamoja naye, alilijua nje ndani. Akiachia breki tu, lilijongea lenyewe taratibu, kama mtu anayesogea kumpisha mwenzake kwenye benchi.

Sasa Spana naye alikuwa na ugonjwa wake, mashindano. Kila mwisho wa mwezi wapenda magari walikutana kwenye uwanja wa ndege uliotelekezwa, wakapimana mbio za sekunde chache. Baba alikuwa akimwazima gari, naye akashindwa mara tatu mfululizo. Mara ya nne akasema liwalo na liwe. Akashusha giaboksi, akatoa konvata, lile bakuli la chuma lililojaa mafuta linalopeleka nguvu ya injini kwenye gia, akafunga nyingine ya mashindano. Hiyo haishiki mapema. Inaiacha injini ipande kwanza, mshale upite mizunguko elfu tatu, ndipo ishike sawasawa. Na ikishika, gari linatoka kama limepigwa teke.

Jumapili akashinda. Jioni akaliegesha gari uani, pua ikitazama geti, akatundika ufunguo mahali pake. Kesho yake baada ya kazi angeirudisha konvata ya zamani. Kumwambia baba aliona ni kujitafutia maneno ya bure.

Jumatatu saa tatu asubuhi, Spana akiwa kazini, mama alibanwa na kifua. Baba alimkalisha kiti cha mbele, akawasha, akaachia breki. Gari halikujongea. Ua ule ulipanda kidogo kuelekea getini, basi gari likaanza kurudi nyuma. Akagusa mafuta kwa kidole gumba. Injini ikalia, gari liko palepale. Akaongeza, mkewe anahema pembeni yake, akaongeza tena, na hapo likaruka. Nguzo ya geti ikalipokea upande wa mama.

Kifua, madaktari walisema, kilikuwa gesi tu. Paja ndilo lililovunjika, mahali pawili.

Spana alifika hospitali na grisi mikononi. Baba alikuwa kwenye korido, amevua kiatu kimoja, anautazama mguu wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Umenisaliti huu, mwanangu," alisema. "Miaka yote ile, leo umenisaliti."

Spana alitaka kumwambia ukweli. Acha mama atoke kwenye upasuaji kwanza, alijiambia. Mama akatoka. Acha basi arudi nyumbani. Huku nyuma alilikokota gari hadi karakana, akanyoosha bodi, akabadilisha rejeta, akairudisha konvata ya zamani. Ile ya mashindano aliikata kwa grainda vipande vitatu, akilia, akawarushia wanunuzi wa vyuma chakavu.

Wiki ya tatu ndipo alipomkalisha baba yake kibarazani.

"Baba, si mguu wako. Ni mimi." Akaeleza yote, hakuacha kitu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akampapasa bega. "Mungu akubariki. Najua unanisitiri."

"Sikusitiri, baba! Gari lilikuwa limebadilika!"

Baba aliinuka, akaenda uani, akaketi kwenye usukani, akawasha. Akaachia breki. Gari likajongea taratibu, kwa adabu, kama siku zote. Akalisimamisha, akazima.

"Unaona?" alisema. "Gari halina kosa."

Spana alikwenda kwa mama, aliyekuwa kitandani na mguu kwenye mito, akamweleza yeye pia.

"Nakuamini," mama alisema. "Nilisikia injini inalia na gari limesimama."

"Basi mwambie, mama."

"Nimeshamwambia. Anasema sote tunamhurumia."

"Nitatafuta konvata nyingine kama ile, nimwonyeshe."

"Ukimletea leo atasema umeitafuta ili kumpoza. Siku ya kumwambia ilikuwa Jumapili, mwanangu." Mama hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Baba hakuendesha tena. Leseni aliirudisha mwenyewe, bila kuulizwa na mtu. Spana aliacha mashindano, akawa ndiye anayewapeleka kliniki, mama na magongo yake nyuma, baba pembeni, mikono magotini. Siku moja walisimama kwenye mataa. Taa ikawaka kijani, Spana akaachia breki, gari likasogea bila mtikisiko.

"Una mguu mzuri," baba alimwambia, akitazama mbele. "Mimi wangu ulikuwa hivyohivyo."

Spana aliendelea kuendesha. Nyuma, mama aliugeuza uso wake dirishani.