Maneno Aliyowapa Wengine

Aliyemwibia mume angekuwa mwanamke, fundi cherehani angejua pa kuanzia. Angemwendea, wangeshikana mashati, mtaa ungetoka nje kutazama, basi. Lakini aliyemchukulia mume alikuwa kinyozi mwenye kitambi na vidole vinavyonuka spiriti, na mumewe alimpigia simu kila jioni amejibanza nyuma ya nyumba, akinong'ona kama kijana aliyepata mchumba.

"Huyo ni mlezi wangu," mume, mpaka rangi wa majumba, alimwambia. "Nikishikwa na kiu ya pombe namwita yeye."

Mlezi! Na miaka yote ile nani alilea? Nani alimvua viatu, akamfuta matapishi, akamdanganya msimamizi kwamba mtu ana homa? Fundi hakusahau kitu. Alimkumbuka hata mkandarasi aliyewanywesha wapaka rangi wake kila Jumamosi ili wasiulize habari za ngazi mbovu. Ulevi wa mumewe ulianzia pale, wamekalia ndoo za rangi zilizopinduliwa, na mkandarasi huyo leo anaitwa mheshimiwa. Fundi alihangaika hospitali, akahangaika kwa wakwe na kwa watu wa dini. Alimwaga chupa, akafungasha virago, akavifungua. Wapi! Kisha kinyozi, naye mlevi mstaafu, akamkalisha mumewe kitini, akamwekea wembe shingoni mahali ambapo mtu hawezi kuinuka akaondoka, akamwambia kuna watu kama wao hukutana kwenye shule ya msingi, twende. Akaenda. Hivyo tu.

Na akaacha kweli. Hilo ndilo lililomkereketa fundi. Mume alirudi kutoka mkutanoni uso umekunjuka, na akiulizwa mmezungumza nini alijibu kwamba ya mle hubaki mle. Nyumbani kazi yake kuulizia chumvi na bomba linalovuja.

Siku hiyo fundi alifunika cherehani mapema, akamfuata.

Mlangoni mwa darasa alikuta mama mmoja ameshika birika la chai. Mama yule akamuuliza kwa upole kama amekuja kwa ajili yake mwenyewe au kwa ajili ya mtu wake, maana mkutano wa leo ni wa wenye tatizo peke yao. Fundi, ambaye hajawahi kuonja hata bia ya harusini, akajibu amekuja kwa ajili yake. Akakumbatiwa. Hakuwa amekumbatiwa siku nyingi, na hilo nalo likamuudhi.

Alijipenyeza dawati la nyuma, dawati la watoto, magoti yakamfika kifuani. Mumewe alikuwa mbele na hakugeuka. Zamu yake ilipofika alisimama, akasimulia alivyotumbukia kwenye pipa la chokaa akatoka mweupe kama mzimu, na darasa zima likavunjika mbavu. Kumbe mcheshi! Fundi aliyeisugua ile chokaa usiku kucha hakuwahi kuchekeshwa nayo. Roho ilimuuma kana kwamba anaona mtu mwingine amevaa nguo aliyoishona yeye.

Halafu sauti ya mume ikashuka.

"Mama yangu alizikwa nikiwa chakari," alisema. "Kaburi lake silijui. Kila nikienda makaburini nazunguka, najifanya nimefika, narudi. Naona aibu kuuliza."

Fundi alijikuta amesimama.

"Liko kwenye ukuta wa nyuma, safu ya pili. Mbona hukuniuliza mimi? Mimi si nilikuwepo?"

Mume aligeuka, uso umemshuka. Kinyozi akainuka taratibu.

"Shemeji, humu mtu akisema hajibiwi. Tunakuomba utupishe."

"Shemeji wa wapi?" fundi akamjibu, na akatoka.

Alikaa kwenye ngazi akisubiri mume amfuate. Hakumfuata. Mume alibaki ndani hadi mwisho, mpaka wakapigiana makofi, na kila kofi fundi alilisikia shavuni. Wenzake walipotawanyika ndipo naye akaja, akasimama mbali kidogo.

"Utaniuliza kwa nini sikukwambia," alisema. "Mama watoto, wale nikiwapa neno linaishia kwao. Wewe unaliweka, siku tukigombana unalitoa."

"Niliweka kwa sababu wewe hukuwa macho. Nani mwingine angekumbuka?"

Mume akatazama viatu vyake vyenye madoa ya rangi, kisha akamwomba ampeleke makaburini.

Jua lilikuwa bado halijazama. Fundi alitangulia hadi ukuta wa nyuma, akaonyesha, akarudi hatua kadhaa. Mume alichuchumaa, akang'oa majani. Kisha, bila kumwangalia, akauliza, "Siku ile nilifanyaje?"

Tangu aache pombe hakuwa amemuuliza mkewe kitu kikubwa hivyo. Na fundi alikuwa nalo jibu, lenye makali yote. Akamwambia: ulicheka wakati wa dua. Ulimsukuma kaka yako. Walikutoa wakakulaza kivulini, na mimi nikamwaga mchanga kwa niaba yako. Basi. Aibu aliyoipata yeye, maneno ya mawifi, aliyameza.

Mume alilia akishika udongo. Fundi alimtazama, akajua mkutano ujao ataipeleka habari hii darasani, na wale wataisikiliza, na kinyozi atatikisa kichwa kama mwenye mali. Na waisikilize. Safari hii wao watakuwa wa pili.