Simu Iliyotangulia

Natengeneza redio za magari hapa mtaani Mangobo, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara. Shule niliiacha darasa la tano, lakini redio za Kijapani nazijua. Maandishi yake sisomi. Najua tu kwamba kitufe cha tatu kutoka juu ni cha Bluetooth, na mstari wa pili ndani yake ni orodha ya simu. Inatosha.

Mama Pélagie alifika saa nne asubuhi na gari la marehemu mumewe, Bavon. Aliyeliendesha alikuwa Séverin, mdogo wake Bavon. Bavon aliuawa miezi minne kabla ya hapo, kwenye barabara ya Buta. Tuliambiwa ni majambazi. Walichukua simu, gari wakaliacha. Nilishangaa, lakini nani anauliza maswali msibani?

"Tonton Sadrack," mama alisema, maana hapa wote huniita mjomba, "hii redio inanichezea. Jumapili nikienda kanisani na kaka yangu, simu yangu inashika vizuri. Nikipanda na Séverin, inakataa."

"Haikupendi, shemeji," Séverin alicheka. "Tonton, fanya mbio. Tunaenda kuangalia kiwanja cha yaya Bavon kule PK 30, na njia iko mbaya."

PK 30, kilomita ya thelathini, iko kwenye barabara ileile ya Buta.

Niliketi kiti cha dereva. Nilifuta simu ya mama kwenye redio, nikazima, nikawasha, nikaiunganisha upya. Ikakataa. Redio ikikataa namna hiyo, mara nyingi kuna simu nyingine imetangulia. Hizi za zamani hushika simu moja tu, na nafasi huichukua ile inayojulikana tangu kitambo. Nikafungua orodha.

Juu kabisa paliandikwa TENOR 1, na pembeni yake nukta ya buluu.

Jina hilo niliandika mimi. Nusu ya watu wa Mangobo wana simu za aina moja, na kwenye redio zote zinajiita jina moja, kwa hiyo kila mteja nampa jina lake. Bavon alikuwa akiimba tenor na kufundisha kwaya ya parokia yao. Nilipomwandikia TENOR 1 aliniuliza, "Na wa pili ni nani, tonton? Usiniletee mpinzani."

Nukta ya buluu maana yake simu inawaka, na iko karibu, hatua kumi hivi. Simu ya wizi ikiuzwa sokoni, husafishwa kwanza, na ikisafishwa inasahau magari yote. Hii haikusahau.

Simu ya Bavon ilikuwa hapa hapa, kwa mmoja wetu. Mama Pélagie alikuwa amesimama upande wa kushoto, Séverin upande wa kulia, mkono wake juu ya paa la gari. Nilitaka kuwa na hakika.

"Séverin, nenda pale ng'ambo uniletee fyuzi ya ampea kumi."

"Mimi ndiye boyi wako?"

"Unataka kufika PK 30 leo ama kesho?"

Alienda huku akinung'unika. Nilitazama kioo cha redio, kisha yeye. Alivuka mtaro, akapita wauza mafuta, akafika dukani. Nukta ikazimika. Simu ya mama ikashika peke yake.

"Ah! Sasa iko sawa!" mama alisema.

Nilikuwa na dakika mbili. Ningeweza kumwambia. Nilijiambia kwamba atapiga kelele, na yule ataona, kisha itakuwaje? Ukweli ni kwamba niliogopa. Nina mke, nina kibanda hiki, na Séverin ni mtu wa mwili. Nikakaa nikikunjakunja kitambaa mpaka aliporudi.

Alinipa fyuzi. Nilizima redio kuiweka, nikawasha tena. Nukta ya buluu ikarudi kwenye TENOR 1.

"Bon, imekwisha?" aliuliza.

"Bado. Redio imeungua ndani. Liacheni gari mpaka kesho."

"Redio inazuia gurudumu kuzunguka?" Aliinama dirishani. Macho yake yalienda kwenye kioo, kisha usoni kwangu. "Mbona unatoa jasho hivyo, tonton? Uko na malaria?"

"Joto tu."

"Toka basi. Tumechelewa."

"Twende tu," mama alisema. "Muziki si lazima." Akafungua mlango wa nyuma, akaingiza mguu mmoja.

Njia yote ile ni msitu. Niliuona mguu wake ndani ya gari, kiatu cha buluu chenye kisigino kilichochakaa. Nikahamisha redio kutoka stesheni kwenda Bluetooth, nikabonyeza kitufe cha kucheza.

Mtu alikohoa ndani ya spika. Halafu sauti ya Bavon ikasema, "Alto, mnakimbia. Nani anawafukuza? Bon, tuanze tena."

Watu wakacheka, watu wa kwaya, kwenye rekodi ya mazoezi ya zamani.

Séverin alijipiga mfukoni. Mkono ulienda wenyewe, kabla hajafikiri. Mama Pélagie aliutazama ule mkono, akautoa mguu wake garini taratibu.

"Leta," alisema.

"Shemeji, niliiokota."

"Wapi?"

Alirudi nyuma hatua moja.

"Séverin, uliiokota wapi? Ulituambia siku ile aliyouawa ulikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto."

Vijana wa pikipiki pale pembeni waligeuka. Mmoja akauliza, "Mama, iko mwizi?" Neno moja tu, na wangemchoma pale pale. Séverin alilijua hilo. Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Nyumba yako naijua," alisema polepole. Kisha akaruka mtaro, akapotea kati ya vibanda vya soko, na sauti ya Bavon ikakatikakatika, ikanyamaza.

"Mama, tumfuate?" vijana waliuliza.

"Hapana. Ni mambo ya familia." Alingoja wageuke, ndipo akaniangalia. "Ulijua saa ngapi?"

"Alipoenda kununua fyuzi."

"Na alirudi, na ulinyamaza, na mimi nikafungua mlango."

"Niliogopa, mama."

"Mimi pia ninaogopa." Alipanda mbele, upande wa abiria, akafunga mlango kwa nguvu. "Endesha. Tunaenda polisi. Yote uliyoona kwenye hicho kioo, utayasema wewe, kwa mdomo wako, na jina lako waandike."

Nilifunga kibanda. Kufuli lilinishinda mara mbili. Kisha nikarudi garini, nikawasha injini, na njia nzima sikuacha kutazama nyuma.