Chumba cha Upasuaji Barabarani

Lazaro alikuwa ameendesha malori makubwa miaka mingi, lakini hakuwa amewahi kubeba mzigo uliomtia wasiwasi kama ule. Juu ya tela lake kulikuwa na chumba kizima cha upasuaji, kilichotengenezwa kiwandani Dar es Salaam, taa zake zikiwa zimeshafungwa darini. Kituo cha afya kule milimani, juu ya Isongole, kilikuwa kimebomoka kwa maporomoko ya masika, na wagonjwa walikuwa wakilazwa kwenye madarasa ya shule. Vyumba vya wodi vilikwisha kufika na kupangwa juu ya zege. Kilibaki hiki cha katikati tu, mafundi waviunganishe na kazi ianze.

Kwenye kona ya mwisho utelezi ukamshinda. Tela liliserereka taratibu, kichwa cha lori kikagota kwenye ukingo wa mlima, matairi ya nyuma yakazama mtaroni. Lori likakingama barabara nzima, ukuta mmoja wa chumba ukitazama barabara ya kupanda na mwingine ukitazama ya kushuka. Hakuna aliyeumia. Mhandisi Alfred, aliyekuwa akifuata nyuma kwa gari dogo, akapiga simu kutafuta trekta.

Kabla trekta halijafika, likaja gari la wagonjwa kutoka juu. Ndani alikuwamo Mwanaheri pamoja na mumewe Bushiri, mfanyabiashara wa viazi. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na muuguzi Felista alisema lazima wafike Tukuyu akapasuliwe. Lakini wangepita wapi? Tela lilikuwa la chini, limelalia tope. Ukingo ulikuwa umesimama wima, na ng'ambo ya mtaro lilikuwa korongo. Bushiri hakumgombeza dereva. Alisimama tu, mikono kichwani.

Ndipo akakumbuka siku ya kupakia. Chumba hiki kitakaa katikati ya wodi mbili, kwa hiyo kina milango pande zote mbili.

"Sista," akasema, "tumpitishe humu ndani."

Felista alimtazama kama hajamwelewa. Alfred alielewa upesi, akakimbilia funguo za chumba.

Wakawaita wakulima waliokuwa wakivuna viazi jirani. Waliinua machela mpaka mlangoni, wakaingia polepole wakiegemea ukuta, maana sakafu ilikuwa imeinama. Ndani kulinukia rangi mpya. Katikati ya uchungu, Mwanaheri akafumbua macho akaona taa kubwa juu yake.

"Tumeshafika?"

"Bado, dada yangu," Felista akajibu. "Hapa tunapita tu."

Upande wa pili gari la Alfred lilikuwa limeshageuzwa. Likaondoka nao.

Trekta lilikuja, likalivuta lori mpaka likakaa sawa, watu wakashangilia. Lazaro hakuweza hata kutabasamu. Alikuwa angali akifuta tope kwenye kioo simu ilipoita.

"Dereva, ni Bushiri. Wote wazima. Mtoto wa kike."

Lazaro aliketi kwenye ngazi ya lori. Alipowapa wakulima habari, mzee mmoja alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndaga fijo," akamshukuru, na kwa muda hakuuachia.

Chumba kilishushwa mahali pake kabla giza halijaingia, mafundi wakaanza kukaza bolti. Lazaro akaomba chakula. Akala mpaka mwenyewe akashangaa njaa ile yote ilikuwa imejificha wapi.