Mulongo wa Kampire

Shemeji yangu Anatole aliupata uenyekiti wa kijiji chetu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, kwa mbinde, na jambo hilo lilimnyima raha kuliko kama angeshindwa. Wakati ule tulipiga kura kwa karatasi. Unaingia nyuma ya turubai, unaweka alama kwenye picha, unaikunja, unaitumbukiza kwenye sanduku na kutoka na uso wako uleule. Anatole alipolinganisha idadi ya kura zake na ya jamaa zake, akajua kuna mtu wa nyumbani aliyempa kura mpinzani wake, Kampire.

Mtu huyo ni mimi. Nasema waziwazi kwa kuwa sasa hakuna cha kuficha.

Kampire ni Mnyamulenge. Kule kwetu Kivu Kusini watu wake na watu wangu wamechomeana nyumba, na hapa tunasalimiana tu na kuuziana maziwa. Lakini mume wangu alipofariki, Anatole, ndugu yake wa tumbo moja, alimgawia rafiki yake wa kwaya shamba langu. Kampire ndiye aliyeongozana nami ofisini, akasema mpaka nikarudishiwa. Tangu mgao wa chakula upunguzwe, shamba hilo ndilo linalonilisha mimi na binti yangu Élyse. Na ofisi ikitaka kujua shamba ni la nani, humuuliza mwenyekiti.

Basi tukasikia kwamba shirika linalosimamia uchaguzi wetu linataka kubadilisha utaratibu. Karatasi ziondolewe, sanduku liondolewe. Mgombea asimame uwanjani na wanaomtaka wajipange nyuma yake. Walisema ni rahisi, hakuna wizi, na wenyeji wenyewe huchagua wakubwa wa vijiji hivyohivyo. Ila kwanza wangesikiliza maoni yetu mjini Mbarara. Maoni! Sisi tunaombwa maoni chungu kikishaepuliwa.

Hata hivyo tulijipanga. Wanawake wa pande zote mbili tulikubaliana bombani kwamba tutakataa. Hata bibi Mukarukundo, shangazi yake Kampire, aliapa kwa jina la Bwana kwamba atasimama aseme karatasi zibaki.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kukodi Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Mwanasheria kijana wa shirika, mpole, alitueleza mabadiliko kwa Kiswahili alichookota kambini kwa baba yake mwanajeshi. Kisha akauliza nani ana la kusema. Kimya. Anatole alikuwa ameketi mbele na kugeuza kiti chake kidogo, atuone vizuri. Nani angetetea siri mbele ya mtu anayeitafuta siri hiyo?

Mwanasheria hakuelewa kimya chetu. Akadhani tuna aibu, akapata wazo. Aliweka viti viwili, kimoja huku na kingine kule.

"Hapana ogopa," akasema. "Ile mtu anataka karatasi, simama nyuma ya hii kiti. Ile anataka laini, nyuma ya ile."

Yaani tuamue kwa kujipanga kama tutachagua kwa kujipanga. Nilitaka kucheka. Bibi Mukarukundo aliuliza kwa sauti ya chini kama laini hizo ni za simu, na ni za bure. Ndipo Anatole akainuka kututafsiria.

"Mupange mulongo," akasema, kwa ile sauti ya siku ya mgao.

Mkimbizi akisikia neno mulongo, yaani foleni, miguu yake hutangulia akili. Mulongo wenye watu ndio unaotoa unga. Ule mtupu umeshafungwa. Marafiki wa Anatole walikuwa wamekwishasimama nyuma ya kiti cha laini, na wengine wote wakafuata, wengine kwa woga na wengine kwa mazoea tu. Bibi Mukarukundo alishika nguo ya aliyemtangulia, akauliza, "Leo banagawa nini?"

Kwenye kiti cha karatasi alisimama Kampire peke yake, mikono kifuani. Hapo nikaona mtego wote: kutaka karatasi ilikuwa ni kusimama nyuma ya Kampire, mchana kweupe, Anatole akitazama.

Ningeweza kuwafuata wengine. Lakini hasira ilinipanda. Niliwakasirikia wale wanawake wa bombani, nikamkasirikia yule kijana na viti vyake, nikavuka ukumbi. Kampire hakugeuka.

"Rudi, Mama Élyse," akasema taratibu. "Uko na mutoto."

Sikurudi. Mwanasheria alituhesabu, akatushukuru, akasema wananchi wameamua kwa uhuru wao. Tukapewa soda.

Tuliporudi na kushuka Kabazana, huku kwetu Nakivale, Anatole alisubiri watu watawanyike. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kumbe ni weye," akaniambia. "Ile shamba, usiingie mule tena."

Maharage yalikuwa yanatoa maua. Nilikwenda ofisini, nikaambiwa nikamuulize mwenyekiti. Kampire alikuja kunitetea kama zamani, lakini safari hii kila alilosema lilinichimbia shimo, kwa sababu wote walijua namchagua nani. Nyumbani tukawa tunapika uji, kisha uji mwepesi. Élyse akaanza kulala jua likiwa bado halijazama ili asisikie njaa. Mke wa Anatole akaleta salamu: mume wake hana roho mbaya, anangoja tu kuona nani atasimama wapi.

Siku ya uchaguzi nilifika uwanjani mapema. Nilisimama nyuma ya Anatole, karibu kabisa na mbele, ili anione. Upande wa pili Kampire alinitazama mara moja, kisha akageuza uso, na najua alifanya hivyo kunistiri. Wa kwake walikuwa wachache mno. Anatole alipotangazwa mshindi alinipiga begani, akaniita dada yake.

Jioni hiyo nikaingia shambani. Nilichuma maharage yaliyosalia, nikayapika. Élyse alikuwa ameuangalia uchaguzi pamoja na watoto wenzake, na sasa alikuwa ameshika sahani kwa mikono miwili.

"Mama," akaniuliza, "juu ya nini ulisimama kule?"

Nikamwambia ale.